Mchagua Fimbo Ndiye Mvuvi

Kuna methali nimeichoka: "Mchagua jembe si mkulima." Kila ninapokaa na wapenzi wenzangu wa vitabu, mazungumzo yakifika kwenye uvuvi nami nikianza tu kutaja fimbo na rili, lazima atokee mmoja anirushie methali hiyo. Wenzake wanacheka, kisha wanarudi kwenye mambo wanayoyaona makubwa: mtu na maumbile, upweke, ukimya wa maji, mauti. Vifaa, wananiambia, ni habari za dukani. Fasihi ni habari za moyo.

Leo nabisha. Methali ile ilitungwa kumsuta mvivu anayetafuta kisingizio cha kutokwenda shamba. Haikutungwa kumkataza mkulima asijue jembe lipi linafaa udongo mzito na lipi linafaa mchanga. Muulize mkulima yeyote: jembe huchaguliwa, mpini huchaguliwa, hata siku ya kulinoa huchaguliwa. Na kwenye uvuvi wa samaki ninayetaka kumzungumzia, asiyechagua fimbo hufanya ubaya mkubwa kuliko uvivu. Humtesa samaki, humwua bila kukusudia, halafu hurudi nyumbani akaandika insha tamu juu ya heshima aliyonayo kwa viumbe. Insha za namna hiyo nimezisoma nyingi. Moja niliiandika mwenyewe, na nitaikiri hapa chini.

Samaki mwenyewe anaitwa paiki. Kiswahili hakina jina lake la asili kwa sababu hayumo kwenye maji yetu. Wataalamu humwita Esox lucius. Anaishi kwenye maziwa na mito ya Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini, na pia kwenye Bahari ya Baltiki, sehemu ambazo chumvi yake ni kidogo. Ni mrefu, rangi ya kijani yenye madoa ya manjano, mdomo umebapa kama wa bata. Pezi lake la mgongoni limekaa nyuma kabisa karibu na mkia, maana yeye si msafiri wa mbio ndefu. Kazi yake ni kuvizia. Hujibanza kwenye magugu maji au matete, akatulia kama kijiti, halafu hufyatuka mara moja. Meno ya taya la chini yanakata kama wembe, na juu kwenye kaakaa kuna mamia ya vijino vilivyolala kuelekea kooni. Kinachoingia humo hakitoki kirahisi. Wakubwa kabisa huwa majike, na ndio wanaobeba mayai mengi kila majira ya kuchipua wanapokwenda kutaga kwenye maji machache yenye majani.

Sasa hebu tuone waandishi wamemfanya nini samaki huyu.

Conrad Gessner, mwanazuoni wa Uswisi wa karne ya 16 aliyeandika vitabu vikubwa juu ya wanyama, alisimulia habari za paiki aliyenaswa Ujerumani mwaka 1497 akiwa na pete mwilini. Pete hiyo, eti, ilisema kwamba Mfalme Mkuu Frederick II ndiye aliyemtia ziwani mwaka 1230. Hesabu inakuja miaka 267. Urefu wake, wakasema, ulipita mita 5. Mifupa yake ilihifadhiwa Mannheim watu wakaiona kwa macho yao. Baadaye alipokuja mtu wa kuhesabu pingili za uti wa mgongo, akakuta zimezidi: mifupa ya samaki kadhaa ilikuwa imeunganishwa ikawa samaki mmoja. Rekodi ya dunia inayotambuliwa na IGFA, shirika linaloweka rekodi za uvuvi wa fimbo, ni paiki wa kilo 25 aliyevuliwa Ujerumani mwaka 1986. Kilo 25 si haba, lakini si joka.

Izaak Walton, Mwingereza aliyetoa kitabu chake The Compleat Angler mwaka 1653, alimwita paiki dhalimu wa maji baridi, akarudia visa vya Gessner, kikiwemo kile cha paiki aliyemng'ata nyumbu mdomo alipoinama kunywa maji. Ted Hughes, katika diwani yake Lupercal ya mwaka 1960, ana shairi juu ya paiki ambalo ukilisoma usiku utasikia baridi shingoni. Wafini nao, katika utenzi wao wa Kalevala ambao Elias Lönnrot aliukusanya na kuupanua mwaka 1849, wana paiki mkubwa kiasi kwamba mashua ya Väinämöinen inakwama mabegani mwake.

Sizikatai kazi hizi. Shairi la Hughes nimelirudia mara nyingi kuliko mashairi mengi ya lugha ninayoota nayo. Ninachokataa ni somo ambalo wasomaji wanajifunza kutokana nazo zikiwekwa pamoja. Wanajifunza kwamba paiki ni dude. Na kama ni dude, basi kumvua ni pambano. Na kama ni pambano, basi muungwana huingia nalo akiwa na silaha hafifu, ili ushindi uwe na maana. Hapo ndipo inapozaliwa imani ya fimbo nyepesi: kwamba mvuvi wa kweli, mvuvi mwenye roho ya ushairi, hutumia fimbo laini na uzi mwembamba "kumpa samaki nafasi."

Nami niliimeza imani hiyo nzima nzima, kama paiki anavyomeza chambo.

Nilikuwa Ufini, mwezi wa Julai, kwenye ziwa dogo lenye matete pande zote. Fimbo niliyokuwa nayo ilikuwa ya mita 1.8, ya kurushia chambo cha gramu 3 hadi 15. Fimbo ya kuvulia samaki wadogo, kwa lugha nyepesi. Rili ilikuwa ndogo kama ngumi ya mtoto. Mshipi ulikuwa wa nailoni, mwembamba, na mbele yake nilifunga kipande kifupi cha waya kwa sababu tu jirani yangu, mzee wa pale, alikataa kunipakia kwenye mashua yake bila waya. Muuzaji dukani alinisifia kifaa hicho, akasema kwa fimbo ile hata samaki wa nusu kilo utamsikia kama ng'ombe. Nikafurahi. Ndicho nilichokuwa nakitafuta: kusikia.

Jike la karibu mita moja lilichukua chambo changu saa nne asubuhi. Sikuwa na nguvu ya kumwongoza. Fimbo ilikunjika mpaka kwenye mpini ikaishia hapo. Kila alipotaka kwenda, alikwenda. Kila aliposimama, tulisimama sote. Breki ya rili ilikuwa inashika na kuachia kwa mishtuko, kwa hiyo niliilegeza zaidi nisije nikakatiwa. Dakika 5, 10, 20. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Nilikuwa tayari natunga sentensi kichwani. Baada ya nusu saa hivi akaja juu ubavu ubavu, mzee akampokea kwa wavu, tukamtoa ndoana, nikapigwa picha, tukamrudisha majini.

Hakuondoka. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na maji yakipata joto hewa ya kupumulia humo hupungua. Mwili wake ulikuwa umechoka hadi ndani, misuli imejaa asidi kama ya mwanariadha aliyeanguka kabla ya utepe. Nilimshika mkia nikiwa nimelala kifudifudi ukingoni mwa mashua, nikimweka sawa, na kila nilipomwachia aligeuka tumbo juu. Tulihangaika naye muda mrefu kuliko tulivyopambana naye. Mwishowe mzee alimtoa majini, akampiga kichwani mara moja, akamalizia kwa kisu. Tulimla jioni ile. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, akiwa anapaa magamba: "Fimbo hii uliinunua kwa ajili ya nani?"

Sikuwa na jibu. Wiki hiyo hiyo niliandika insha juu ya pambano langu na jike la ziwani. Nusu saa ya mapambano ilikuwemo. Waya haukuwemo, gramu 3 hadi 15 hazikuwemo, wala tumbo lililogeukia juu. Watu waliipenda sana.

Basi na iandikwe leo ile iliyopaswa kuandikwa. Nitataja namba, na asiyetaka namba avumilie, kwa sababu ndani ya namba hizi ndimo uhai wa samaki ulimo.

Tuanze na fimbo. Kwenye shina lake, karibu na mpini, utakuta maandishi ya gramu. Wanaoanza hudhani ni uzito wa samaki. Sivyo, ni uzito wa chambo ambacho fimbo hiyo imeundwa kukirusha. Kwa hiyo usijiulize unaota samaki gani. Jiulize unarusha nini. Vyambo bandia vya paiki, vile vijiko vya chuma, visamaki vya mbao na vya mpira, vingi vina uzito wa gramu 20 hadi 60. Chukua fimbo iliyoandikwa hivyo. Ukipenda vile vikubwa vya mpira, panda hadi gramu 40 hadi 100. Urefu: mita 2.4 kama unavua ukingoni, ili uweze kurusha mbali na kumpitisha samaki juu ya matete, mita 2.1 inatosha ukiwa kwenye mashua. Na ipinde namna gani? Ncha ilainike, lakini theluthi mbili za chini ziwe na mgongo. Mgongo huo ndio utakaomgeuza jike la kilo 8 asiingie kwenye magugu, na akigeuzwa mapema, habari inakwisha ndani ya dakika chache. Fimbo laini haimpi samaki nafasi. Inampa muda mrefu wa kuchoka, na huo si upendeleo.

Rili sasa. Ninaposema rili namaanisha ile yenye gurudumu la uzi lisilozunguka wakati wa kurusha. Uzi unachomoka mbele yake kama unavyochomoka kwenye kibiringo cha nyuzi. Mfano huu sikuutunga mimi. Alfred Illingworth, aliyeisajili rili ya namna hiyo Uingereza mwaka 1905, alikuwa mtu wa viwanda vya nguo wa Bradford, na wazo alilipata kwa kutazama mitambo ya nyuzi. Nawaambia wapenzi wa fasihi: mtu alitazama kibiringo kiwandani akaona ziwa. Kama hilo si jicho la mshairi, nionyesheni la nani.

Ukubwa unaofaa ni ule ambao watengenezaji wengi huuandika 4000, au 3000 iliyo imara. Uzito wa gramu 250 hadi 300, ili fimbo ikishikwa isizame mbele wala nyuma, kwa sababu utarusha mara mia kadhaa kwa siku na mkono uliochoka hufanya makosa samaki anapokuja. Kasi ya kukunja, yaani gurudumu linazunguka mara ngapi kwa mzungusho mmoja wa mkono, iwe karibu na 5 kwa 1. Rili za mbio zaidi ya hapo zinasifiwa sana, lakini chambo kizito huzielemea.

Kisha maboksi yatakuimbia habari za beringi: 7, 10, 12. Usizihesabu. Rili yenye beringi chache nzuri huishi kuliko yenye nyingi mbovu. Pale dukani omba kitu kimoja tu: wakufungie uzi, kaza breki kiasi, halafu uvute taratibu kwa mkono. Uzi ukianza kutoka bila mshtuko, kama mafuta, hiyo ni rili. Ukigoma, ukagoma, kisha ukaruka, rudisha rafuni hata kama ina rangi ya dhahabu. Mshtuko huo wa dukani ndio utakaokulazimisha ulegeze breki ziwani, na breki iliyolegea ndiyo inayozaa nusu saa ya "mapambano." Mimi ninayo nusu saa hiyo, najua ninachosema.

Uzi: tumia wa kusukwa, unene wa milimita 0.20 hivi, wenye kukatika kwa kilo 15 au karibu na hapo. Hauvutiki kama nailoni, kwa hiyo ndoana huingia mara moja, na unachokisikia mkononi ndicho kinachotokea majini. Wale wanaotaka "kusikia" watasikia vizuri kabisa kwenye fimbo ya kazi yenye uzi huu. Hawahitaji fimbo ya mtoto. Breki ikaze ianze kuachia kwenye robo ya nguvu ya uzi, yaani kilo 3 hadi 4, na usikadirie kwa hisia. Ining'inize mizani ndogo ya kupimia mizigo, uvute, usome.

Mbele ya uzi, waya. Sentimita 30 angalau. Hapa sina mjadala na mtu. Uzi wa kusukwa ukiguswa na meno ya paiki unakatika kama wa utando wa buibui, na samaki anaondoka na chambo chenye ndoana za meno matatu matatu, akiwa amefungwa mdomo. Kuna wanaosema waya unaonekana majini, unamtisha samaki, unaharibu uzuri wa kifaa. Walton, yule yule mzee wa 1653 ambaye wapenzi wa fasihi wanamnukuu kwa mambo ya utulivu wa roho, alipofundisha kumtunga chura kwa ajili ya paiki aliitaja ndoana yenye waya wake. Karne tatu na nusu zimepita na bado mtu anabishana. Na wala hatuhitaji kwenda Uingereza: wavuvi wa pwani yetu wanaomwendea nguru au mzia wanafunga waya, maana wanajua meno ni kitu gani. Sijapata kusikia nahodha wa ngalawa akisema amechagua mshipi mwembamba ili ampe mzia nafasi. Angechekwa soko zima.

Mwisho, vile vitu ambavyo kwenye picha havitokei: koleo refu la kuchomolea ndoana, mkasi mgumu wa kukatia ndoana iliyoingia vibaya, wavu mpana wa mpira usiochuna ute wa samaki, na kitu laini chenye maji cha kumlaza. Zile ncha za nyuma za ndoana zibane kwa koleo zilale, zitoke kirahisi. Kama pesa zako ni kidogo, punguza kwenye rili ununue hivi. Anayenunua rili ya bei ya mshahara halafu hana koleo ameonyesha anampenda nani.

Najua yatakayosemwa, kwa hiyo nijibu mapema.

La kwanza: "Na Santiago je?" Kila mara lazima aletwe mzee wa Hemingway, wa kile kitabu cha mwaka 1952, kama shahidi wa uvuvi wa pambano. Jamani, kisomeni tena. Santiago hana fimbo wala rili. Anavua kwa mshipi wa mkono, tena mnene, mshipi wa kazi, na akiba ya mishipi mingine ameiunganisha tayari. Amepanga kila chambo kwenye kina chake kwa usahihi anaojivunia. Pambano lake ni refu kwa sababu samaki ni mkubwa mno na mashua ni ndogo mno. Hakulirefusha kwa kuchagua kifaa dhaifu. Naye yuko kule kwa ajili ya kuuza nyama. Msomaji anayemtumia mzee huyu kutetea fimbo ya gramu 15 hakukisoma kitabu, alisoma jalada.

La pili ni zito zaidi, na silipuuzi: "Kama unamhurumia samaki hivyo, si umwache?" Anayesema hivyo na mwenyewe havui, sina neno naye, amechagua njia safi kuliko yangu. Uswisi, sheria ya kulinda wanyama inakataza kuvua kwa nia ya kumwachia samaki tu. Ukivua, uwe unataka kula. Nina heshima kwa mawazo hayo. Lakini mimi navua, na wengine wengi wanavua, na aliyekwisha kuamua kurusha chambo ana deni. Kama nia yake ni kula, kifaa imara kinamleta samaki haraka, auawe haraka. Kama nia yake ni kuachia, hasa yale majike makubwa yenye mayai ya miaka ijayo, kifaa imara kinamrudisha majini akiwa na nguvu ya kuondoka. Njia zote mbili zinaanzia pale pale dukani. Hakuna njia ya huruma inayoanzia kwenye fimbo laini. Na joto la Julai likipanda sana, fimbo bora kuliko zote ni ile iliyoachwa nyumbani.

La tatu: "Haya ni matangazo ya biashara." Hapana. Biashara inataka ununue fimbo tano na ubadilishe rili kila mwaka. Mimi nasema fimbo moja, rili moja, uzi mmoja, waya, koleo. Sijataja hata jina la kampuni. Anayejua kwa nini anachagua ni mteja mgumu sana, na wauzaji hawampendi.

Nirudi kwenye fasihi, maana ndiko nilikoanzia ugomvi. Ninyi mnaosema vifaa si habari za moyo, mmewahi kujiuliza kwa nini hadithi zetu zenye uvuvi zinachosha? Mhusika "alivua samaki wengi." Kwa nini? Kwa nini hakuna mshipi, chubwi, chambo, ndoana namba ngapi, mkono uliokatwa na uzi? Kiswahili kinayo maneno hayo, yamelala kwa wavuvi, na waandishi tunaona aibu kuyaokota kwa sababu tumeambiwa fasihi iko juu ya vitu. Matokeo yake tunaandika maji bila samaki. Walton alikichanganya kitabu chake na ndoana, chambo na hata namna ya kumbanika paiki, na kitabu kikaishi. Katika Kalevala, paiki yule mkubwa hakubaki dude: anauawa, anapikwa, analiwa, na kutokana na taya lake Väinämöinen anatengeneza kinanda cha nyuzi ambacho akikipiga, viumbe vyote vinakuja kusikiliza. Muziki ule umetoka kwenye mfupa ulioshikwa na mikono ya mtu anayejua kazi.

Na kuna mvuvi wa Ufini ambaye ningependa mumweke pamoja na washairi wenu. Lauri Rapala alivua kwenye ziwa Päijänne, na kwa kutazama aligundua kwamba samaki mla wenzake hulifuata kundi kubwa la visamaki lakini humshambulia yule anayeyumba, aliyejeruhiwa. Mwaka 1936 akachonga kisamaki cha gome la mti, akakifunika kwa karatasi za kung'aa za chokoleti, akakirekebisha mpaka kikayumba vile vile. Hakumwita paiki dhalimu. Alimtazama. Kati ya kazi zote nilizozitaja hapa, chambo kile ndicho kinachomfahamu samaki kuliko zote, na kimetoka kwenye mikono ya mtu aliyekuwa mchaguzi kupindukia.

Insha yangu ya zamani nimeiondoa. Fimbo ile ya gramu 15 ninayo bado; naivulia samaki wadogo, kazi iliyoundiwa. Na mzee wa mashua nilimpelekea jibu la swali lake msimu uliofuata, nikiwa na fimbo nyingine mkononi. Aliishika, akaipinda kidogo kwenye ukingo wa mashua, akavuta uzi kusikiliza breki, akaitazama waya. Kisha akaniambia nikae mbele.